Kumfundisha mwanafunzi wa biolojia kupima fosfeti kwa spektrofotomita: mwongozo kwa wakufunzi wa maabara Kigoma

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mkufunzi au msaidizi wa maabara anayepokea wanafunzi wa shahada ya kwanza ya biolojia wanaokuja Kigoma kwa mafunzo kwa vitendo, na ambaye amepangiwa asubuhi mbili au tatu za kuwafundisha kutumia spektrofotomita, yaani mashine inayopima mwanga unaofyonzwa na myeyusho. Maswali wanayokuja nayo ni yale yale kila msimu: kwa nini blanki (kimiminika cha kulinganishia, kisichotakiwa kuwa na fosfeti) imegeuka bluu, kwa nini namba kwenye skrini haitulii, kwa nini kundi la kwanza na la mwisho wamepata majibu tofauti kwa maji ya chupa moja. Majibu yake karibu yote ni mafupi, lakini hayamsaidii mwanafunzi ambaye hajayaona kwa macho yake mezani, na ndiyo maana hatua zilizo hapa chini zimepangwa kwa namna ya kumfanya ayaone.

Nimechagua kipimo cha fosfeti kwa kuwa kinamgusa mwanabiolojia moja kwa moja. Fosfeti ni fosforasi kwa namna inavyopatikana majini, na ikitiwa vitendanishi, yaani kemikali za kuitambua, hutoa rangi ya bluu ambayo mashine huipima. Mwani unaoelea katika Ziwa Tanganyika unahitaji fosforasi ili ukue, wanyama wadogo wa majini wanakula mwani huo, dagaa wanakula wanyama hao, na migebuka wanakula dagaa. Mwanafunzi aliyepita mwalo wa Kibirizi asubuhi na kuona dagaa walivyoanikwa hahitaji mhadhara mrefu kuhusu umuhimu wa kipimo hiki.

Jambo moja ulishike tangu mwanzo: spektrofotomita hutoa namba wakati wote. Ukiweka maji safi itatoa namba, ukiweka kuveti (kichupa kidogo cha kuwekea kimiminika ndani ya mashine) yenye alama za vidole itatoa namba, na ukisahau kuweka chochote bado itatoa namba. Vitufe vya mashine mwanafunzi atavizoea kwa dakika chache. Kinachostahili muda wako ni kumfundisha kuikataa namba isiyoaminika, na kujua ni kwa nini anaikataa.

Mahitaji kabla ya kuanza

Hakikisha vitu vifuatavyo vipo mezani siku moja kabla wanafunzi hawajafika:

- Spektrofotomita inayosoma hadi nanomita 880. Ikiwa ya kwenu haifiki huko, unaweza kusoma kwenye nanomita 710, ambako rangi ya bluu bado inafyonza mwanga ingawa kwa kiwango kidogo zaidi. Sharti ni kwamba viwango (miyeyusho ambayo ukolezi wake unajulikana) na sampuli vyote visomwe kwenye urefu huo huo wa wimbi.
- Kuveti za sentimita 1. Za kioo na za plastiki zote zinafaa kwa kazi hii, kwa sababu tunatumia mwanga unaoonekana na ule ulio jirani na wekundu. Kuveti za kwazi ni ghali na hazihitajiki hapa, zifungie kabatini.
- Chupa za ujazo za mililita 50, 100 na 1,000, pipeti za mililita 1 hadi 10 pamoja na mipira yake ya kuvutia, bika, na mirija au vichupa vya kutosha kwa kila kundi.
- Mizani inayosoma hadi gramu 0.0001. Mizani ya gramu 0.01 haitoshi kwa kupima chumvi ya viwango.
- Vichujio vyenye vitundu vya mikromita 0.45 na pampu ya mkono au sirinji ya kuchujia.
- Maji yaliyokenekwa, lita 5 au zaidi. Usinunue maji ya betri madukani bila kuyachunguza, kwa sababu baadhi ya chupa zinazouzwa kwa jina hilo zina asidi ndani, na hata zile zisizo na asidi hazina uhakika wa kutokuwa na fosfeti.
- Makoti ya maabara, glavu, miwani ya kinga, karatasi laini za kufutia, kalamu za wino usiofutika, saa inayoonekana na kila mtu, na deli lenye barafu kwa ajili ya sampuli.
- Betri ya akiba ya kuzuia mashine isizimike umeme ukikatika, au angalau kifaa cha kuusawazisha umeme.

Vyombo vyote vya kioo viloweke usiku kucha katika asidi ya haidrokloriki ya asilimia 10, kisha visuuzwe mara kadhaa kwa maji yaliyokenekwa. Sabuni isiguse vyombo hivi kabisa. Baadhi ya sabuni zina fosfeti, na kiasi kinachobaki kwenye ukuta wa chupa iliyoonekana safi kinaweza kuzidi fosfeti yote iliyomo katika sampuli ya maji ya ziwa. Vyombo vya fosfeti viwe na kabati lake na alama yake, visichanganywe na vya masomo mengine.

Vitendanishi

Andaa wewe mwenyewe miyeyusho minne ifuatayo. Asidi kali na chumvi ya antimoni, ambayo ni sumu, zisiachwe mikononi mwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Wa kwanza ni asidi ya salfuriki: mimina taratibu mililita 70 za asidi kali ndani ya takriban mililita 400 za maji yaliyokenekwa, acha ipoe, kisha jaza hadi mililita 500. Asidi ndiyo inayomiminwa kwenye maji; ukigeuza mpangilio huo, mchanganyiko unaweza kuchemka ghafla na kuruka usoni. Wa pili ni antimoni potasiamu tatreti, gramu 1.3715 katika mililita 500. Wa tatu ni molibdeti ya amonia, gramu 20 katika mililita 500. Wa nne ni asidi ya askobiki, yaani vitamini C ya maabara, gramu 1.76 katika mililita 100. Huu hudumu takriban wiki moja tu ukiwa kwenye jokofu, kwa hiyo andika tarehe kwenye chupa.

Kwa viwango, kausha potasiamu dihaidrojeni fosfeti katika tanuri la nyuzi 105 kwa saa moja, ipoze, pima gramu 0.2195, uiyeyushe na kujaza maji hadi lita 1. Myeyusho huu mama una miligramu 50 za fosforasi kwa lita.

Siku ya kwanza: mwanafunzi aijue mashine

Usianze na fosfeti. Anza na pamanganeti ya potasiamu, ambayo ni rahisi kupatikana, ina rangi inayoonekana wazi, na haihitaji kitendanishi chochote cha ziada. Kwa njia hii mwanafunzi akikosea utajua kwamba kosa ni la mkono wake na mashine, na si la kemia.

1. Washa mashine dakika 30 kabla ya wanafunzi kuingia. Taa inahitaji kupata joto ili mwanga wake utulie. Kama mashine ina taa mbili, izime ile ya mionzi ya urujuanimno, kwa kuwa haitumiki hapa na uhai wake hupungua kwa kila saa inayowaka.

2. Mpe kila mwanafunzi kuveti mkononi mwake na umwonyeshe pande zake. Kuveti nyingi zina pande mbili zenye ukungu na pande mbili angavu. Vidole hushika pande zenye ukungu, na mwanga hupita katika zile angavu. Mwambie aijaze robo tatu, aifute nje kwa karatasi laini kuelekea chini, kisha ainyanyue dirishani aangalie kama kuna vipovu au matone. Usimruhusu kuendelea kabla hajafanya hivyo vizuri. Sehemu hii inaonekana ya kitoto, lakini makosa mengi ya siku ya pili huanzia hapa.

3. Eleza nadharia kwa sentensi chache na usizidishe. Mashine hupitisha mwanga wa rangi moja ndani ya myeyusho na kulinganisha mwanga ulioingia na uliotoka. Kadiri myeyusho ulivyokolea ndivyo unavyofyonza zaidi. Ufyonzaji wa 1 maana yake ni kwamba asilimia 10 tu ya mwanga imepita, na ufyonzaji wa 2 maana yake ni asilimia 1. Ndiyo maana usomaji unaozidi 1 unaanza kutiliwa shaka: mwanga unaobaki wa kupimwa ni kidogo mno.

4. Andaa pamanganeti kwa kuyeyusha gramu 0.158 katika lita 1 ya maji, kisha chukua mililita 10 na uzijaze hadi 50. Waambie wanafunzi waisome kuanzia nanomita 450 hadi 600, wakipanda kwa 10. Kila wanapobadilisha urefu wa wimbi warudishe kuveti ya maji matupu na kuweka sifuri upya. Watachoka na kutaka kuiruka hatua ya sifuri. Mruhusu mmoja airuke ili wote waone namba yake inavyopotea njia. Kilele watakikuta karibu na nanomita 525, pakiwa na kingine jirani karibu na 545.

5. Kwenye nanomita 525, wasome miyeyusho minne: mililita 5, 10, 15 na 20 za myeyusho mama wa pamanganeti (ule wa gramu 0.158 kwa lita), kila moja ikijazwa hadi 50. Wakifanya kwa uangalifu, namba zitapanda kwa hatua zinazolingana, kutoka karibu 0.24 hadi karibu 0.96. Wachore pointi hizo kwa penseli kwenye karatasi ya grafu, si kwenye kompyuta. Kompyuta huchora mstari hata kwenye pointi zisizostahili mstari, ilhali mkono wa mwanafunzi husita pale pointi moja inapokaa pembeni, na kusita huko ndiko unakokutaka.

6. Kila mwanafunzi afanye usomaji angalau mmoja peke yake, kuanzia kuijaza kuveti hadi kuandika daftarini. Katika kila kundi yupo mmoja mwepesi anayeishika mashine tangu asubuhi na wenzake kumwandikia namba. Huyo mpe kazi ya kuandika, na mashine wapewe waliokaa nyuma.

Siku ya pili: fosfeti

7. Chukueni sampuli asubuhi mapema. Kwa mafunzo, mahali pazuri ni patatu: maji ya ziwa mbali kidogo na ufuko, maji ya ufukoni mahali watu wanapofulia, na maji ya mdomo wa Mto Luiche, kusini mwa Ujiji. Chupa isuuzwe mara tatu kwa maji ya mahali hapo hapo kabla ya kujazwa, na mwanafunzi asisimame mahali ambapo miguu yake inatibua tope kuelekea chupa. Chujeni papo hapo, hasa maji ya Luiche ambayo wakati wa masika huja na udongo mwingi, kisha mziweke kwenye deli. Sampuli iliyochujwa na kuwekwa kwenye ubaridi inapaswa kupimwa ndani ya saa 48.

Wakati wa kuandika lebo, sisitiza kwamba iandikwe kwenye chupa na si kwenye kifuniko. Vifuniko hubadilishana.

8. Andaa viwango. Chukua mililita 10 za myeyusho mama wa fosfeti ujaze hadi 100, upate miligramu 5 kwa lita. Kutoka hapo wanafunzi wachukue mililita 2, 4, 6, 8 na 10, kila moja ijazwe hadi 50, na watakuwa na viwango vya miligramu 0.2, 0.4, 0.6, 0.8 na 1.0 za fosforasi kwa lita. Cha sita ni blanki. Blanki ni kimiminika chenye kila kitu isipokuwa kile unachokitafuta. Hapa ni maji yaliyokenekwa yatakayotiwa kitendanishi sawasawa na sampuli. Wanafunzi wengi hudhani blanki ni maji matupu, na dhana hiyo usiiache ipite.

Pembeni, bila wao kuona, tengeneza sampuli ya fumbo: mililita 5 za myeyusho wa miligramu 5, zijazwe hadi 50. Jibu lake ni 0.5, na ni wewe pekee unayelijua.

9. Changanya kitendanishi cha pamoja asubuhi hiyo hiyo, baada ya miyeyusho yote kufikia joto la chumba. Kwa mililita 100 fuata mpangilio huu, ukitikisa kila baada ya kuongeza: asidi ya salfuriki mililita 50, antimoni mililita 5, molibdeti mililita 15, na mwisho asidi ya askobiki mililita 30. Ukungu ukitokea baada ya antimoni au molibdeti, tikisa na usubiri dakika chache hadi uondoke ndipo uendelee. Kitendanishi hiki hudumu saa 4 tu. Kilichobaki jana kimwage kwenye chombo cha taka, hata kama kinaonekana kizima.

10. Pima mililita 10 za kila kiwango, blanki na sampuli kwenye vichupa vyake. Kisha weka tone moja la fenolfthalini, kiashirio kinachogeuka waridi kwenye maji yenye alkali, katika kila kichupa, na uwaite wanafunzi wote wasogee. Maji ya Ziwa Tanganyika yana pH iliyo karibu na 9, kwa hiyo tone hilo hugeuka waridi papo hapo ndani ya sampuli ya ziwa, huku viwango vikibaki bila rangi. Mwanafunzi aongeze asidi ya salfuriki tone kwa tone, akitikisa, hadi waridi litoweke tu. Akimimina kwa pupa ataharibu kiwango cha asidi ambacho rangi ya bluu inakihitaji. Hapa mwache mwanafunzi akae. Ni nafasi adimu ya kuona kwa macho tofauti kati ya maji ya ziwa lake na maji ya maabara.

11. Ongeza mililita 1.6 za kitendanishi cha pamoja kwenye kila kichupa na utikise. Rangi ya bluu huanza kujitokeza ndani ya dakika chache. Usomaji ufanyike baada ya dakika 10 na kabla ya dakika 30 tangu kitendanishi kiongezwe.

Muda huu ndio unaoangusha madarasa yenye mashine moja. Chukua mfano wa makundi sita, kila moja likiwa na vichupa vinane. Kundi la wanafunzi wapya linahitaji takriban dakika 6 kusoma vichupa hivyo. Wakiongeza kitendanishi wote saa 3:00 asubuhi, kundi la kwanza litasoma saa 3:10, na la sita litaikaribia mashine saa 3:40 likiwa na rangi ambayo muda wake umeshapita. Kwa hiyo panga zamu ubaoni kabla mtu yeyote hajagusa pipeti: kundi la kwanza liongeze kitendanishi saa 3:00 na kusoma saa 3:15, la pili liongeze 3:06 na kusoma 3:21, la tatu 3:12 na 3:27, na kuendelea hivyo hadi la sita, ambalo litaongeza 3:30 na kusoma 3:45. Kila kundi litakuwa limesoma rangi yenye umri uleule, na majibu yao yataweza kulinganishwa. Mteue mwanafunzi mmoja awe mshika saa na umpe mamlaka ya kumzuia hata mkufunzi.

12. Weka mashine kwenye nanomita 880. Kwanza weka sifuri kwa maji matupu yaliyokenekwa na usome blanki. Namba hiyo iandikwe daftarini. Mimi blanki ikizidi 0.02 husimamisha kazi na kutafuta chanzo. Ikiwa iko chini ya hapo, weka sifuri kwa blanki yenyewe, kisha soma viwango kuanzia kilichofifia hadi kilichokolea kwa kuveti ile ile, ukiisuuza kila mara kwa kiasi kidogo cha kimiminika kinachofuata. Suuza tena vizuri kabla ya kugeukia sampuli. Kabla ya kubonyeza kitufe, mwanafunzi aitazame rangi na kutamka namba anayoitarajia. Kiwango cha 1.0 huwa karibu na 0.6.

13. Chora grafu ya viwango na usome ukolezi wa sampuli. Tuseme mstari unapanda kwa 0.60 kwa kila miligramu 1, na sampuli imesoma 0.210: ukolezi ni 0.210 gawanya kwa 0.60, yaani miligramu 0.35 za fosforasi kwa lita. Mwanafunzi aandike waziwazi kwamba ni miligramu za fosforasi. Akitaka kuieleza kama fosfeti, azidishe kwa 3.07, na atapata takriban 1.07. Kosa la kuchanganya vipimo hivi viwili humfanya mtu aripoti maji yenye fosfeti mara tatu ya ukweli, au theluthi yake, na hakuna mashine inayoweza kuligundua.

14. Kundi ambalo jibu lake la sampuli ya fumbo liko kati ya 0.45 na 0.55 liendelee kuripoti sampuli za ziwa. Lililo nje ya hapo lirudie. Usilisahihishe kwa kulitajia jibu. Liache litafute lenyewe kati ya pipeti, kuveti na saa.

15. Taka zote za bluu na vitendanishi vilivyobaki zikusanywe kwenye dumu lenye lebo. Zina asidi, antimoni na molibdeni, na hazipaswi kumwagwa kwenye sinki ambalo maji yake yanateremka ziwani.

Kuhusu sampuli ya ziwa inayosoma karibu na sifuri

Hili linahitaji nafasi yake kwa sababu ndilo linalowavunja moyo wanafunzi kuliko mengine. Maji ya juu ya Ziwa Tanganyika yana fosfeti kidogo mno. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470 mahali palipo na kina kirefu zaidi, na maji yake ya chini hayachanganyiki kikamilifu na ya juu, kwa hiyo virutubisho vingi hubaki vilindini huku vile vya juu vikinyonywa haraka na mwani. Kwa kuveti ya sentimita 1, njia hii huanza kuaminika kuanzia takriban miligramu 0.15 za fosforasi kwa lita. Sampuli ya ziwa itasoma 0.004, kisha 0.009, kisha 0.002, na mwanafunzi atataka kuandika wastani wake kana kwamba ni ugunduzi.

Mfundishe kuandika "chini ya kiwango kinachopimika kwa njia hii" na kutaja kiwango chenyewe. Hilo ni jibu kamili la kisayansi. Kama maabara ina kuveti ya sentimita 5 na mashine inayoipokea, arudie kwa kuveti hiyo, maana inaruhusu kushuka hadi karibu miligramu 0.01; hapo viwango navyo vishushwe, visizidi 0.25. Usikubali kamwe mwanafunzi ajaze pengo kwa namba aliyoikisia, hata kama ripoti inatakiwa jioni hiyo.

Matatizo yanayojirudia na namna ya kuyatatua

Blanki imegeuka bluu. Kuna fosfeti mahali pasipotakiwa. Jaribu maji yaliyokenekwa kutoka chupa mpya. Rangi ikibaki, jaribu vichupa vilivyolowekwa upya kwenye asidi. Ikibaki bado, tengeneza upya kitendanishi. Badilisha kitu kimoja kwa wakati, la sivyo hutajua kilichoponya.

Hakuna rangi hata kwenye kiwango cha 1.0. Mara nyingi asidi ya askobiki imezeeka, au mmoja wa miyeyusho minne umesahaulika wakati wa kuchanganya. Angalia tarehe kwenye chupa kabla ya kulaumu mashine.

Namba haitulii kwenye skrini. Kama mashine imewashwa muda mfupi, subiri. Kama imeshapata joto, toa kuveti uiangalie: maji ya ziwa yana bikaboneti nyingi, na yakikutana na asidi yanaweza kutoa vipovu vya kaboni dioksidi vinavyong'ang'ania kwenye kuta. Gonga kuveti taratibu kwa kidole na usome tena. Hakikisha pia kifuniko cha chumba cha sampuli kimefungwa, kwa sababu mwanga wa dirishani unaoingia ndani huvuruga usomaji.

Namba inatoka ikiwa hasi. Sampuli ina rangi pungufu kuliko blanki, na hilo lina maana blanki imechafuka au kuveti ya blanki ilikuwa chafu kwa nje. Futa, weka sifuri tena, na kama bado ni hasi kwa kiasi kikubwa, tengeneza blanki nyingine.

Sampuli ya Luiche ina rangi ya chai hata baada ya kuchujwa. Rangi hiyo hufyonza mwanga na kujifanya fosfeti. Chukua mililita 10 nyingine za sampuli hiyo hiyo, uiongezee mchanganyiko usio na asidi ya askobiki wala antimoni, ambazo nafasi zake umezijaza kwa maji, isome, kisha utoe namba hiyo kwenye usomaji wa sampuli.

Sampuli imekolea kuliko kiwango cha juu kabisa. Usiongeze maji kwenye kimiminika kilichokwisha kuwa bluu. Rudi kwenye sampuli ya awali, chukua mililita 10 ujaze hadi 50, tia kitendanishi upya, na jibu ulizidishe kwa 5.

Mstari wa viwango umepinda au haupiti karibu na sifuri. Pointi moja tu ikiwa pembeni, kosa ni la pipeti kwenye kiwango hicho, na kirudiwe chenyewe. Zote zikipinda kwa pamoja kuelekea chini upande wa juu, kuna uwezekano kitendanishi kilikuwa pungufu au usomaji ulifanyika mapema mno. Kuveti nayo ichunguzwe, kwa kuwa bluu hii hushika kwenye kuta zake baada ya usomaji mwingi; ijaze maji matupu uisome, na ikiwa haitoi tena namba iliyokuwa ikitoa asubuhi, ioshe kwa asidi nyepesi na kuisuuza.

Umeme umekatika katikati ya usomaji. Umeme ukirudi, mashine ipewe tena muda wa kupata joto, sifuri iwekwe upya, na kiwango kimoja kilichokwisha kusomwa kisomwe tena. Namba yake ikirudi ile ile na dakika 30 za rangi hazijapita, kundi liendelee na sampuli zilizobaki. Muda ukiwa umepita, vichupa vyote vya kundi hilo vimwagwe kwenye dumu la taka, na kazi ianzie tena hatua ya 10.